Mkono wa Pampu ya Mwangoloko

Mjukuu wangu Suleimani alinijia sebuleni Ijumaa baada ya swala, simu mkononi, akaniambia, "Bibi, hebu tazama tulipofika." Kazi yake ni kuwaongoza wageni wa hoteli za Diani kwa pikipiki kubwa kubwa. Hutoka Ukunda wakapanda Kwale, wakashuka Kinango, wakaingia kule ndani kwenye changarawe na miiba, wakalala njiani siku kadhaa, kisha wakatokea Taru kwenye lami. Wenyewe huiita safari ya ujasiri. Haya, nikavaa miwani nikatazama. Picha ya kwanza vumbi. Ya pili vumbi na wageni wanacheka. Ya tatu pikipiki zimepangwa kando ya pampu ya maji, mmoja anapiga mkono wa pampu, wenzake wanaosha magurudumu. Maji yanamwagika hadi njiani, na wote wamefurahi.

Nikamrudishia simu yake. Pampu ile naijua. Kwenye sakafu ya saruji inayoizunguka, chini ya kiatu cha yule kijana aliyekuwa anacheka, unaonekana mchoro wa tairi la pikipiki. Mchoro huo si wao waliouacha. Ni wa tairi langu.

Basi leo nimekaa hapa kwangu Msambweni, magoti yananiuma, chai imepoa, nawaambia nyinyi mnaopanda pikipiki mkajiita majasiri. Hasira ninazo wala sitazificha. Mwenye kutaka hadithi tamu na aende kwa jirani.

Mimi ni Bi Riziki. Kabla ya magoti haya nilikuwa fundi wa pampu za mikono, zile ambazo mtu hushika mkono wa chuma akapiga juu chini mpaka maji yakapanda kutoka ardhini. Miaka ya tisini ikielekea kwisha, ofisi yetu ya maji pale Kwale ilikuwa na pikipiki moja inayotembea na nyingine ya kutolewa vipuri. Ile inayotembea walinipa mimi. Msidhani walinipenda. Mafundi wanaume walikuwa wamekataa njia za kule ndani, kila mmoja alitaka visima vya karibu na lami, arudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Mimi nilikuwa mjane, nina watoto wa kusomesha, nikasema leteni.

Nilivaa suruali ya marehemu mume wangu, juu gauni, juu leso nimeikaza, na kichwani mtandio chini ya helmeti. Kinango sokoni walikuwa wakiniona wanaitana. Mzee mmoja muuza tumbaku hakuchoka kuniuliza, "Bi Riziki, mumeo umemficha kwenye tanki la mafuta?" Namjibu, "Ndiyo, na leo ana njaa, nikutie na wewe?" Watu wakacheka, nami nikaendelea na safari yangu. Mama yangu mzazi ndiye aliyenitia uchungu. Alisema mwanamke aliyetandaza miguu juu ya chuma hatakuja kuposwa tena. Hilo lilikuwa kweli, wala sikulijutia.

Sasa nyinyi mnazo pikipiki zenye matairi ya kushika hata ukutani. Yangu ilikuwa nyepesi, imechakaa, taa imefungwa kwa waya. Ila ile changarawe ni ileile, basi nisikilizeni. Barabara ikiwa na vile vituta vidogo vidogo vilivyopangana, vinavyotikisa mpaka meno, usiende polepole ukidhani unajihurumia. Ongeza mwendo kidogo tairi liruke juu juu, na usiikabe mikono ya pikipiki. Mkono uliokazwa ndio unaovunjika. Ukiona mchanga mbele, usishike breki ya mbele hata kama umemwona marehemu babu yako amesimama katikati. Sogea nyuma ya kiti, itie injini moto, tazama mbali unakokwenda, usitazame tairi. Ukilitazama tairi, utalifuata lianguke nawe. Na miiba ya kule haina haya. Mimi nilikuwa nikibeba tyubu mbili na gundi na viraka, na nilijifunza kuziba pancha kivulini mwa pikipiki yenyewe, maana mti wa kivuli ndio huo uliokutoboa.

Aliyenifundisha pampu ni Fundi Bakari, mtu wa hapa hapa Msambweni, Mungu amrehemu. Mtu mpole, mwenye maneno machache na mafuta mengi. Pampu za zamani zilikuwa na kikombe cha ngozi ndani kule chini, ndicho kinachobeba maji kuyapandisha. Ngozi ikikauka hujikunja, maji yakakimbia. Kwa hiyo Fundi Bakari alikuwa akiloweka kile kikombe kwenye mafuta ya nazi, anakikanda kama mwali anayesingwa, anatuambia, "Kisichopakwa mafuta hulia." Kila kijiji alichopita aliwafundisha wanawake hivyo, kwa sababu kamati za visima zilikuwa za wanawake. Wanaume hawakai na pampu. Sijatukana mtu, nimesema nilichokiona.

Lishikeni hilo la mafuta, tutalirudia.

Sasa Mwangoloko. Ni kijiji cha Waduruma, mbele kabisa ya Ndavaya, mahali ambapo hata mbuzi hutembea akiwaza. Kabla ya kisima, watu walikunywa maji ya silanga, lile bwawa la kuchimba, pamoja na ng'ombe na vilivyomo. Huko aliishi Nyevu, mwenyekiti wa kamati ya kisima, rika langu, mwembamba, mwenye sauti nzito. Mtoto wake wa pili alikufa kwa kuhara mwaka mmoja kabla kisima hakijachimbwa. Hakuwa akilizungumza. Ila siku pampu ilipofungwa yeye ndiye aliyeweka sharti, na wanawake wenzake wakakubali: kila wakimaliza kuteka, mkono wa pampu unang'olewa, unapelekwa nyumbani kwa mwenye zamu, unalazwa chini ya kitanda. Spana yake ya kuufungia hukaa kiunoni, ndani ya fundo la leso. Mtu hawezi kuchezea maji wala kuyamwaga wala kunyweshea kundi la ng'ombe bila kuwaomba. Mimi niliona jambo hilo nikalipenda. Nimeona visima vingi vikifa kwa kukosa mwenyewe.

Baada ya zile mvua kubwa za Elnino, zilizobomoa madaraja mpaka tukasahau vumbi lina rangi gani, mvua zikagoma. Msimu ukapita, wa pili ukapita. Masilanga yakawa matope, kisha yakawa vigae. Hapo ndipo mchuuzi mmoja wa mbuzi aliponifuata Kwale na ujumbe wa Nyevu. Alisema, "Fundi, unaambiwa pampu imekuwa nzito na maji hayapandi. Na watu wa ofisi walifika, wakaipiga mara chache, wakatema mate, wakaondoka."

Nikaenda kwa mkuu wetu. Sitamtaja jina, ameshatangulia mbele za haki na mimi sina haja ya kumsengenya maiti. Lakini nitasema alichosema. Alisema, "Bi Riziki, kisima kile kimekufa. Lori linakwenda na saruji kuviziba vilivyokufa, watoto wasije wakatumbukiza mawe. Na pampu yake itang'olewa ije ifungwe Matuga, kando ya barabara, wageni wanaotusaidia waione wakipita."

"Matuga wana maji ya mfereji," nikamwambia.

"Wageni hawaendi Mwangoloko."

"Kwa hiyo pampu ni ya wageni?"

Akaniambia niende zangu Lunga Lunga, kuna kazi kule. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuwa na ubaya na mtu, na hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Angekuwa ni mwizi ningemwelewa. Alikuwa amekaa chini ya panka, ametulia, anawanyang'anya watu maji kwa ajili ya picha, na chai yake ina tangawizi.

Sikwenda Lunga Lunga. Asubuhi nilifunga vyuma vya pampu ubavuni mwa pikipiki, nikatia vikombe viwili vya mpira kwenye mkoba, tende, mihogo mikavu, na dumu la maji nyuma nimelikaza kwa mpira wa tyubu. Nikateremka Kinango peke yangu. Muuza tumbaku akaniuliza mume yuko wapi. Siku hiyo sikumjibu, akajua pana jambo, akaniombea dua.

Mwaniuliza kama niliogopa. Niliogopa sana. Kule kuna tembo wanaovuka kutoka mbugani, na ukiwa peke yako ukianguka hakuna wa kukuinua. Peke yako si maneno ya kupendezesha picha. Peke yako maana yake ni kwamba kila ukifika njia panda huna wa kumlaumu. Nilisimamisha pikipiki mara nyingi nikazima, nikasikiliza, nikasoma dua, nikaendelea. Nyinyi mna gari linalowafuata nyuma na barafu ndani.

Nililala kwa mama mmoja Mkamba, Mama Mumbua, mkulima aliyehamia kule na mumewe kutoka bara, watu wa kanisa, waungwana. Yeye alisali kwa Yesu wake kabla ya kula, mimi nikatandika mkeka wangu wa kuswalia kwenye kona aliyonifagilia, na hakuna aliyemkodolea mwenzake macho. Lakini aliniambia jambo lililonikosesha usingizi. "Lori la ofisi yenu limepita hapa jioni. Limejaa saruji. Nimewauliza wanaenda kujenga shule? Wakacheka."

Walikuwa mbele yangu. Nilikuwa nimedhani watamaliza kwanza visima vya Samburu. Basi nilipoondoka pale niliondoka kwa kasi, na kasi ikaniponza. Kwenye mteremko mmoja wa mawe, mkono wa klachi, ule wa kushoto, ukalegea ghafla. Kebo ya klachi ilikuwa imekatika. Sikuwa na nyingine.

Wengi wenu hapo mngekaa chini mkatafuta mtandao. Haya, sikilizeni. Pikipiki hutembea bila klachi. Itie gia ya bure, iwashe, isukume ukikimbia kando yake, ikichukua mwendo ruka juu na uikanyage gia ya kwanza. Itaruka kama punda aliyepigwa, wewe kaa tu. Gia nyingine unazipandisha kwa kusikiliza injini: legeza moto kidogo, kanyaga taratibu. Tatizo ni moja. Ukisimama, inabidi uanze tena kusukuma. Kwenye mwamba unasukuma. Kwenye mchanga husukumi, unalia. Kwa hiyo nikajiapiza sitasimama mpaka Mwangoloko.

Nikafika kwenye mto mkavu, mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati yake lori. Limezama hadi kwenye ekseli.

Nataka mnielewe hapa vizuri, kwa sababu watu wamenihukumu kwa jambo hili na wengine wenu mtanihukumu pia. Kule ndani kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Hupiti chombo kilichokwama. Awe adui yako, awe amekuibia mke, unashuka, unachimba. Kesho ni wewe. Mimi mwenyewe nimechimbuliwa na watu ambao sikuwajua hata kabila.

Nilipita. Nikakaa nyuma ya kiti, nikatia moto, nikalitazama lile jabali la ng'ambo ya pili, pikipiki ikayumba kama mlevi, ikavuka. Nikaisimamisha juu kwenye mwamba, mahali ninapoweza kuisukuma. Kisha nikafungua dumu langu la maji, nikateremka kwa miguu kuwarudia.

Msimamizi wao alikuwa Mutua, bwana mnene, uso umepauka kwa saruji. Nilimjua wa ofisini, mtu wa heshima, hakuwahi kunivunjia adabu. Wafanyakazi wake walikuwa wamelala chini ya lori. Maji yao yote walikuwa wameyatia kwenye rejeta.

"Bi Riziki, Mungu amekuleta," akasema. "Tufundishe huu mchanga. Wanasema wewe unaujua."

Nilikuwa naujua. Unapunguza upepo kwenye matairi, unakata matawi unatandika mbele ya magurudumu, unateremsha mzigo, linatoka. Kazi ya asubuhi moja.

"Mnakwenda kisima gani?"

"Mwangoloko. Ndicho cha kwanza."

"Nendeni kwanza kwingine. Mwangoloko mkaende mwisho. Niahidi hivyo nitachimba na nyinyi sasa hivi."

Akatikisa kichwa. "Nimeamrishwa. Mkuu amesema pampu ya Mwangoloko ndiyo ifike Matuga kwanza. Mimi ni mtu wa kutumwa, mama."

"Basi mimi sichimbi."

Alinitazama kama niliyemtemea mate. Wale vijana wake wakainua vichwa. "Utatuacha hapa?"

"Maji haya hapa, kunyweni. Maji simnyimi mtu. Lakini mkono wangu hamuupati. Mtatoka, ila si leo."

Nikaliweka dumu mchangani mbele yake. Mutua akalitazama, kisha akanitazama mimi, na aliyoyasema aliyasema kwa sauti ya chini. "Umetupa yote? Na ukifika ukute kisima ni kikavu kweli, wewe utakunywa nini?"

Nikamwambia, "Nitajua nikifika." Kisha nikapanda ule ukingo nikiwa nimegeuza mgongo, kwa sababu sikutaka wayaone machozi. Yalikuwa ya hasira. Mkuu yuko Kwale chini ya panka, na sisi watu wazima wawili, tuliozoea kupeana mikono, tunanyimana msaada mtoni kwa ajili yake.

Nilifika Mwangoloko jua likiwa limeanza kulegea, ulimi umenata. Nyevu alikuwa amekaa mlangoni. Hakuniuliza njia ilikuwaje. Aliinama chini ya kitanda akautoa mkono wa pampu, akafungua fundo la leso akatoa spana, akaniambia, "Twende."

Wanawake wakaja. Tukaufungua mdomo wa pampu, tukaanza kuvivuta vile vyuma vya ndani, kimoja baada ya kingine, vimefungana kimoja kwa kingine hadi chini kabisa. Cha mwisho kilikataa. Tukavuta sote, mama wajawazito na vikongwe, kikatoka kwa mshindo na kikombe chake mwishoni. Kikombe kilikuwa kimevimba. Kimenenepa, kimelainika, kimebana. Nikakileta puani. Kinanukia nazi.

"Nani aliyekipaka mafuta?"

Wakatazamana. Nyevu akasema, "Sisi. Kila fundi akishaondoka, tunakitoa wenyewe tukakipaka, na miezi ya kiangazi tulikipaka zaidi, tukiogopa kisikauke. Mafuta tunaagiza kwenu pwani. Si ndivyo tulivyofundishwa?"

"Na nani?"

"Na Fundi Bakari."

Kile kilikuwa kikombe cha mpira. Pampu mpya zote ni za mpira, na mpira na mafuta haviwezani. Ngozi hushiba mafuta ikalainika, mpira hushiba ukavimba mpaka ukashindwa kusogea. Wale wanawake walikuwa wameiua pampu yao kwa kuipenda, kwa mafuta ambayo wangeweza kujipaka wao, na watu wa ofisi walikuja wakaipiga mara chache wakasema kisima kimekufa. Nilikaa pale chini nikamkasirikia Fundi Bakari aliyekuwa kaburini, kisha nikaikasirikia ofisi nzima, kwamba tulibadilisha kikombe na hakuna mtu aliyekumbuka kubadilisha mafundisho. Nikawaambia wazi: tangu leo, mafuta kwenye nywele, kwenye pampu hapana. Kibibi mmoja akauliza kama pampu haitalia. Nikamwambia iache ilie.

Nikatia kikombe kipya. Tukavirudisha vyuma, tukaufunga mkono. Nyevu akaanza kupiga. Ikatoa pumzi tu. Akapiga, akapiga, ikatoa pumzi. Akampokeza mwenzake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ile sakafu iliyovunjwavunjwa na kwato za ng'ombe, midomo imepasuka, nikiwaza dumu langu la maji liko mtoni kwa Mutua. Nikawaza kwamba huenda mkuu alisema kweli. Ikiwa alisema kweli, basi nimewaacha watu jangwani bure na hawa wanawake nimewatesa bure.

Kisha ule mkono ukawa mzito mikononi mwa Nyevu, alikuwa ameupokea tena, nami nikaona mabega yake yakibadilika. Akasema polepole, kwa kwao, "Madzi." Yakatoka machafu, yenye rangi ya kutu, yakatoka tena, yakasafika. Mtoto wa kwanza aliyepewa hakuwa wake. Akanipa na mimi, kwenye kata, nikanywa nikiwa nimepiga magoti.

Lori lilifika kesho yake adhuhuri. Mutua alishuka akiwa na mikono iliyochubuka. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye pampu, na Nyevu akampa kata ya maji kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni yeyote. Akanywa. Vijana wake wakanywa. Akaomba tena, akapewa tena. Kisha akaitazama ile saruji ndani ya lori.

"Nimetumwa kuziba kisima kilichokufa," akasema mwishowe, bila kunitazama. "Hiki hakijafa. Mifuko ya saruji imepasukapasuka mtoni, siwezi kuirudisha hivi." Akawaambia vijana wachanganye. Wakaibomoa ile sakafu mbovu, wakamwaga mpya kuizunguka pampu, wakatengeneza na mfereji wa kupeleka maji yanayomwagika kwenye bustani ya mboga.

Nilimwendea kumshukuru. Akaniambia, "La mtoni sitakusamehe, Bi Riziki."

"Sikuomba msamaha," nikamjibu.

Na hakunisamehe. Tulifanya kazi ofisi moja miaka mingine kadhaa, shikamoo yangu aliijibu kwa adabu kwa kuwa alinizidi umri, zaidi ya hapo hakuna. Alikuwa na haki yake. Na mimi nilikuwa na haki yangu. Aliyetukosanisha hakuwahi kupata vumbi kwenye viatu.

Nilipoondoka, kwa vile sikuwa na klachi, niliisukuma pikipiki nikikimbia, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikutazama ninapopita. Nikakata kona ya ile saruji mbichi. Mutua akapiga kelele, kijana mmoja akachukua mwiko kuja kusawazisha. Nyevu akamzuia. Alisema, "Iacheni hiyo."

Kule Kwale mkuu alikuwa ananisubiri. Akanyoosha mkono, nikaweka ufunguo wa pikipiki mezani, ikapewa karani mmoja aliyekuwa akiiendea miraa Ukunda mpaka ikafia mtaroni. Mimi wakaniweka stoo, nigawe mabomba, hadi nilipostaafu. Sikupanda tena. Naiona mikono yangu mpaka leo, jioni nikikaa, ikikunja vidole kama inatafuta klachi.

Sasa turudi kwenye picha yenu. Jana nilimwambia Suleimani anipigie simu Mwangoloko. Nyevu bado yupo, macho yamepungua nguvu, sauti ni ileile. Nikamuuliza kuhusu vijana wa pikipiki. Akasema siku hiyo mwenye zamu alikuwa ameuacha mkono mahali pake kidogo, amekwenda kumtua mwenzake ndoo.

"Walisalimu?" nikamuuliza.

"Walipiga honi."

"Waliomba?"

Akacheka. Kicheko chake hicho sikukipenda. Akaniambia mwaka huu mvua tena imekataa, na maji yameshuka, sasa wanateka kwa zamu, ndoo mbili kila nyumba. Ndoo mbili. Nikamtazama Suleimani aliyekuwa ameishika ile simu, akainamisha kichwa. Nikamuuliza gurudumu moja linakunywa ndoo ngapi mpaka ling'are.

Nimezungumza na Nyevu, tumekubaliana. Wakisikia mlio wa pikipiki kutoka upande wa Ndavaya, mkono unang'olewa, hata kama ndoo haijajaa. Mtaikuta pampu imesimama na kichwa chake tu, na sakafu yenye alama ya tairi. Msinitafute mimi, wala msimtume Suleimani aje anibembeleze. Zimeni hizo injini mbali, mshuke, mvue helmeti mwonekane nyuso, mwende kwa miguu mpaka mlangoni, mpige hodi, mtoe shikamoo. Muulize leo mkono umelala chini ya kitanda cha nani. Mkiwa na kiu, mtapewa kata, kwa mikono miwili. Magurudumu yarudi na vumbi lake Diani.